Kazi ya Kukaa Katikati

Wanangu wa Braamfontein, mliniita kwenye chumba chenu cha mikutano, mkanipa chai ya maziwa, mkaniuliza siri ya kupatanisha watu ni nini. Nilicheka mkadhani nawaringia. Sikuwa naringa, ni kwamba sina siri. Nimekaa katikati ya watu miaka mingi katika mji huu wa Joburg, kati ya wenye majengo na wapangaji, kati ya makanisa na majirani wasiotaka ngoma, kati ya wachuuzi na madiwani, mpaka Wakongomani wakanipa jina la Mama Katikati. Na bado sijui ni kitu gani hasa humfanya mtu aliyesema hapana asubuhi aseme ndiyo jioni. Ndiyo maana sikuichoka kazi hii. Magoti ndiyo yaliyochoka.

Mkitaka sifa ya kwanza ya kazi, nitasema ni udaku. Msinikunjie uso. Kwetu Ujiji nilichapwa mara nyingi kwa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, na marehemu mama alikuwa akisema masikio yangu yatanifikisha pabaya. Yalinifikisha Johannesburg, nikapata riziki kwayo. Ila udaku wa mpatanishi una adabu zake. Anataka kujua kila kitu, halafu anatoka mlangoni kama mtu asiyesikia vizuri.

Aliyenifundisha ni Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi, mnene, mwenye suti moja ya kahawia aliyoipiga pasi mpaka ikang'aa makalioni. Nilimkuta Newtown wakati nauza vitenge. Yeye alikuwa akiwasemea mafundi cherehani mbele ya mwenye jengo, na mimi, kwa sababu meza yangu ilikuwa jirani, nilikuwa nikimkosoa kimoyomoyo. Siku moja nikamkosoa kwa sauti. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akasema mwenye maneno mengi akae karibu ili ayaone yanavyofanya kazi.

Papa Kasongo hakwenda kwenye mazungumzo na njaa. Alikula bukari yake kamili kwanza, ndio ugali wa kwao, na samaki, na akinawa mikono ndipo anauliza mkutano uko wapi. Alisema mwenye njaa hukubali haraka ili aende kula. Saa yake aliivua akaitia mfukoni kabla ya kuingia, maana mtu akiona unatazama saa anajua umebanwa, naye atakaa tu akungoje. Na kila tulipoingia mahali, aliniagiza nimtafute yule ambaye akichelewa hakuna anayethubutu kuanza. "Ule ndiye mwenye mkutano," aliniambia. "Wengine wote ni viti." Nimelijaribu hilo katika ofisi za watu wakubwa na katika vibanda vya mabati, na mara nyingi limekuwa kweli. Mara moja aliyengojwa alikuwa mpishi, tukangoja sana.

Hata hivyo, Papa Kasongo naye alipatikana. Wenyeji wa hapa wana desturi ya mazungumzo ambayo kwetu haipo. Katikati ya kikao, upande mmoja unaomba ruhusa, unasimama wote, unatoka nje kuteta peke yake, kisha unarudi. Wanaita kokasi, na watoto wa hapa wanajua kokasi tangu kwenye baraza la shule. Sisi hatukujua. Tulikuwa Newtown na mwenye jengo, mambo yanakwenda vizuri, mara upande wa pili ukasimama na kutoka. Sasa fikirini. Kwetu mtu akikuinukia katikati ya maneno na kukuachia viti vitupu, amekutukana wewe na ukoo wako. Papa Kasongo akafunga mkoba, mafundi wote wakamfuata, wakashuka ngazi na hasira zao. Mimi nilibaki kwa sababu chai yangu ilikuwa ya moto. Wale wenyeji wakarudi wakiwa wamekubali karibu kila tulichoomba, wakamkuta mama mmoja wa vitenge na biskuti. Nilikimbia barabarani kuwarudisha wenzangu, kitenge kikinivuka. Tangu siku ile, kokasi ikaingia kwenye mafunzo yetu, na Papa Kasongo ndiye aliyekuwa akiiomba kuliko wote, wakati mwingine ili avute pumzi tu.

Siku hizi mnazungumza kwenye makundi ya simu. Silaumu, nami nipo kwenye makundi yasiyo na idadi. Lakini mtu akinyamaza mezani unamwona uso, unaona kama anafikiri au amenuna. Akinyamaza kwenye simu hujui kama amekataa, au yuko kwenye foleni, au umeme umekatika kwake. Nimeona watu wakigombana juma zima na mtu ambaye simu yake iliibiwa. Jambo likiwa zito, pandeni basi mkaonane.

Sasa niwape ile ya Diepsloot. Bado naifikiria nikiwa naosha vyombo.

Yalikuwa majira ya baridi, muda mfupi kabla sijastaafu. Kwenye kona moja ya Diepsloot, kule kwenye mabanda ya kaskazini mwa mji, palikuwa na makontena mawili yaliyopakana. La kwanza lilikuwa la Mama Nsimire, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, aliyekuwa akishona sare za shule za watoto wa mtaa ule. La pili lilikuwa spaza ya Juma, kijana wa Tanga, duka dogo la unga, mayai, sabuni na muda wa maongezi. Kamati ya mtaa iliwapa mpaka mwisho wa mwezi wa sita wawe wamehama. Juma angepata pa kuanzia, kijana hakosi. Lakini Mama Nsimire alikuwa anakaribia miaka sitini, macho yameanza kumsumbua, cherehani zake ni zile za chuma za kukanyaga ambazo wanaume wanne wakizibeba wanazungumza na Mungu. Bukavu alihama kwa ajili ya vita. Mtaa wake wa kwanza wa Joburg alihama kwa ajili ya fujo za kufukuza wageni. Alinieleza bila machozi kwamba akihamishwa mara hii hatafungua tena, atakaa kwa mwanawe angoje kufa. Nilimwamini, na niliogopa, kwa sababu alikuwa amenitegemea mimi tu.

Tulikutana na kamati kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa MaDlamini, mama wa makamo, mwenye sauti ndogo ambayo wote waliinyamazia. Alivaa nyeusi tupu, na shali nyeusi mabegani. Hakukaa mezani, alikaa pembeni karibu na mlango. Hakumpa mkono yeyote kati yetu. Na jua lilipoanza kuinama, alifunga kikao hata kama mtu yuko katikati ya sentensi.

Juma aliniinamia akaninong'oneza, "Shangazi, huyu mama anatudharau. Hata mkono hatoi."

Nikamwambia amefiwa, haoni nguo zake? Akasema anajua amefiwa na mumewe, lakini ni tangu mwaka jana, mwezi wa tisa, na eda ni miezi minne na siku kumi, basi imekwisha zamani. Masikini Juma, alikuwa anampimia mjane wa Kizulu kwa kalenda ya Tanga. Nikamweleza kwamba kwao mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, na katika mwaka huo hujitenga kidogo na watu, hashikani mikono, na jua halimzamii nje. Juma akaona haya. Mimi nikabaki na swali jingine. Mama Nsimire alikuwa amekaa ubavuni kwangu, amesikia yote, na hakutia neno hata moja. Yeye huwa haachi kutia neno.

Kamati ilikuwa na malalamiko, na msidhani yalikuwa ya kipuuzi. Walisema Juma aliuza vitu vilivyoisha muda. Ilikuwa kweli, na tulikubali aviondoe. Wakasema makontena yanabana njia ya watoto, tukakubali yasogezwe nyuma. Wakasema wageni wanafanya kazi na mabinti wa mtaa wanakaa bure, Mama Nsimire akakubali kufundisha wawili ushonaji. Kila tulipojibu moja, likazaliwa lingine: muziki, maji machafu, taa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba lalamiko likijibiwa likazaa mwenzake, ujue lenyewe halijatajwa. Kuna kitu chini, na hicho hakipo kwenye ajenda.

Wengi wenu mngeuliza, "Basi mnataka nini?" Ni swali la haki, lakini humfanya mtu aanze kupanga bei. Mimi huuliza jambo lilianzaje. Mtu akieleza mwanzo, hukumbuka siku ambayo bado hakuwa adui. Nikauliza hivyo kwa Kizulu changu cha sokoni, nikamwelekea MaDlamini.

MaDlamini aliinua uso, akamtazama, si mimi, bali Mama Nsimire.

"Waulize walikuwa wapi Jumamosi ile," akasema.

Basi nikafanya kile kilichomfanya Papa Kasongo ashuke ngazi: nikaomba kokasi. Tulitoka nje, tukasimama kwenye ukuta uliokuwa na jua, maana baridi ya Diepsloot ya mwezi wa sita haina mzaha. Nikamgeukia Mama Nsimire nikamuuliza ni Jumamosi gani.

"Ya kuzika bwana yake," akasema.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ku kazi." Alikuwa akiangalia viganja vyake. "Ile nguo nyeusi anavaa, ni miye nilishona. Alikuja analia. Nilimupima analia."

"Halafu hukwenda kumzika mumewe?"

"Hakuniita."

Hapa mazishi ni Jumamosi asubuhi, gari la maiti hupita polepole na watu wanaimba nyuma yake. Lilipita mbele ya makontena yale, na milango yote miwili ilikuwa wazi. Cherehani ilikuwa inakwenda. Juma akakiri kwamba alipunguza sauti ya redio. Tena siku ya kesha alikuwa amempa jirani mchele na mafuta apeleke, kwa hiyo alidhani amemaliza.

Niambieni, vijana, ni wapi tulikotoka ambako mtu hualikwa msibani? Kigoma? Bukavu? Tanga? Ukisikia kilio unakwenda, hata kama mlikuwa hamsemezani. Na kwa Wazulu ni vilevile, hakuna kadi ya mwaliko wa mazishi. Desturi ni ileile pande zote mbili, na watu wakapishana nayo. Sisi tulipovuka mpaka tulianza kujifikiria kama watu wa kusubiri kuitwa. MaDlamini hakuita kwa sababu msibani watu hawaitwi. Alihesabu waliokuja, kama kila mfiwa anavyohesabu, na fundi aliyemzungushia utepe kiunoni akilia hakumwona.

Juma alitaka turudi ndani akaeleze. Alisema waliogopa. Miezi ile kulikuwa na maduka ya wageni yaliyovunjwa mitaa ya jirani, na mgeni kujitokeza katikati ya umati lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Alikuwa anasema kweli tupu, na ndiyo sababu nilimkataza. Sababu ya kweli ukiileta mezani inakuwa hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Mjane hakuwa anangoja kushindwa hoja.

Tukarudi. Nikasema hatuna jibu la kutoa pale mezani, ila tunaomba ruhusa tufike kwake nyumbani, si kuzungumza habari za makontena, kukaa naye tu. Wajumbe wakatazamana. MaDlamini alifunga shali yake, akasema kesho, na tuje mapema.

Wahenga walisema kawia ufike. Nami nilimrudia Mama Nsimire maneno hayo asubuhi ile alipokuwa anasita kituoni na kanga yangu kichwani. Tulibeba sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na mishumaa. Juma alivaa koti la kuazima. Tulipofika yeye alikaa nje juu ya kreti, pamoja na mjomba wa nyumba, sisi wawili tukavua viatu tukaingia, tukakaa kwenye mkeka pamoja na MaDlamini. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nimetumia ukimya kazini maisha yangu yote, najua kuuacha mpaka upande wa pili uanze kuhangaika. Asubuhi ile niliyekuwa nahangaika ni mimi. Nilitaka kufasiri, nilitaka kutengeneza. Nikajibana.

Mama Nsimire akaanza kwa Kizulu. Anacho cha vipimo na vifungo na "rudi Ijumaa", kikamwishia mapema. Akaendelea kwa Kiswahili cha kwao.

"Kwetu mutu haitwake ku kilio. Anaendaka tu. Huku niliogopa, nilisema watauliza huyu anafuata nini. Nilikuwa nasikia munapita, munaimba, na miguu yangu inakanyaga mashini. Ile siku nilishona vibaya, nilifumua yote. Nakuomba pole, mama. Nimechelewa sana."

MaDlamini alinigeukia nimfasirie. Nilipofungua mdomo akainua kiganja, akaniambia niache, ameelewa. Sijui alielewa nini, maana Kiswahili hajui. Labda neno "mama" lilitosha, labda aliona tu ule uso. Nimelifikiria sana na sijapata jibu. Alilia kidogo, na Mama Nsimire akalia zaidi yake, nami sikubaki nyuma.

Chai ikaletwa. Tukanywa. Niliona tumefanya lililokuwa wajibu wetu, na kwamba kuhusu makontena tumeshindwa, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutoyataja, na ahadi ya mpatanishi ikivunjika mara moja kazi imekwisha. Nilikuwa najiandaa kuaga, ndipo MaDlamini akaweka kikombe chini, akaishika ile nguo nyeusi kwenye mkono wa kushoto, pale mshono ulipo.

"Hii ulishona vizuri," akamwambia Mama Nsimire. "Haikunibana hata siku moja. Naivua mwezi wa tisa, na nyumba itajaa watu siku hiyo. Nataka ya rangi. Wakwe zangu wataniletea kijivu, mimi sitaki kijivu."

Mama Nsimire akapangusa uso. Ufundi ukamrudia hapohapo, akauliza mikono iwe mirefu au mifupi. Wakashauriana. Kisha MaDlamini akanitazama mimi.

"Mwambie yule aliyeko nje kwamba unga wa siku hiyo na soda nitachukua kwake. Aniwekee mapema. Na asiniletee vilivyoisha muda, nitavisoma kimoja kimoja."

Nilisema nitamwambia. Kwenye mkoba nilikuwa na kalamu na karatasi ya makubaliano niliyoiandaa tangu kikao cha kwanza, na vidole vilikuwa vinaniwasha kama mtu aliyeshika upupu. Nikauacha mkoba umefungwa. Nilimuuliza tu mjomba, wakati navaa viatu, kama mwezi wa tisa bado huwa na baridi huku. Akasema hapana, maua huwa yameanza.

Tulirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa. Juma alikuwa mbele, tayari anapiga simu kuulizia bei ya unga kwa jumla. Mama Nsimire alitembea kando yangu, na tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu, akanishika mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kuambiwa mabaya.

"Sasa Mama Katikati," akasema, "haukumuuliza. Mwisho wa mwezi tunahama ao?"

"Hiyo nguo ya mwezi wa tisa," nikamuuliza, "utaishonea wapi?"

Alinitazama. Taa ikawa kijani, watu wakatupita huku na huku, na yeye akabaki amesimama palepale, mkono wake bado umeshika wangu, mpaka taa ikawa nyekundu tena.